Wauguzi Waliotoka Kidogo

Tulimwacha Sista Tulia amesimama katika ofisi ya takwimu, faili la kijani mkononi, macho yamemtoka. Alikuwa amefungua ukurasa ulioandikwa juu kwa herufi kubwa: WALIOONDOKA. Chini yake palikuwa na jina moja tu.

Lake.

Sista Tulia, ambaye asubuhi ile ile alikuwa ameshazalisha wanawake wawili wodi ya wazazi, na damu ya wa pili bado ilikuwa kwenye kiatu chake cha kushoto.

"Shemeji," alisema polepole, "hapa nimekufa au nimefukuzwa?"

Karani wa Takwimu hakuinua kichwa. Huyu bwana ni mume wa mdogo wake Sista Tulia, mtu mwembamba, kalamu nne mfukoni. Hospitali nzima humwita Sifuri, maana kila mwezi anapojumlisha nafasi za wauguzi zilizo wazi, jibu lake ni hilo hilo.

"Umeondoka," alisema.

"Lini?"

"Miaka mitatu iliyopita. Ulijaza fomu ya kuondokea. Saini saba: stoo, famasi, dobi, jikoni, mochwari, maktaba na mkuu wa wodi. Kazi safi kabisa. Tangu nimeajiriwa hapa sijaona mwingine aliyeimaliza."

"Lakini nikabaki! Safari ya mume wangu ilivunjika, barua nikairudisha, kesho yake nikaingia zamu. Si jana tu umenikuta nasukuma kitanda?"

"Nilikuona, shemeji. Ila kuondoka kuna fomu. Kurudi hakuna fomu."

"Na hiyo nafasi yangu?"

"Imezibwa."

"Na nani?"

"Na wewe. Si uliendelea kuja?"

Wako watu wangemrushia faili usoni. Sista Tulia alimeza mate, akamwomba Mungu ampe subira ya dakika tano, kisha akafungua ukurasa wa pili, ule wa WALIOPO. Akakuta majina saba ya wauguzi wa wodi yake. Mbele ya kila jina karani alikuwa ameandika kwa mwandiko mzuri wa kulala: *katoka kidogo*.

"Sista Kucha katoka kidogo? Kucha ana mwaka na nusu yuko kliniki ya binafsi hapo ng'ambo ya barabara!"

"Fomu yake iko wapi?"

"Miwani naye? Miwani ana duka la sare. Gauni hili nimenunua kwake!"

"Fomu yake iko wapi?" Sasa karani aliinua kichwa. "Shemeji, nisikilize. Asiyemaliza fomu hajaondoka. Asiyeondoka yupo. Asipoonekana, basi katoka kidogo. Mimi sitoi watu kichwani mwangu."

"Mishahara yao je?"

"Ilikatwa wiki ile ile. Lakini mishahara ni ghorofa ya pili. Hatusalimiani."

Kwa hesabu hiyo, wodi ya wazazi inayotakiwa kuwa na wauguzi wanane ilikuwa nao wanane. Nafasi wazi: sifuri. Na juu ya kabati la Daktari Mkuu kilikuwa kinang'aa kikombe kilichoandikwa *Hospitali Isiyokimbiwa*, amekipokea miaka miwili mfululizo huku anapigiwa makofi.

Haya mengine yote Sista Tulia angeyavumilia, kama alivyovumilia mengi. Lakini leo ilikuwa siku ya mgao. Afisa kutoka makao makuu alikuwa njiani na basi lenye wauguzi wapya ishirini na wawili. Anapita hospitali moja moja, anafungua fomu, anasoma nafasi zilizo wazi, anashusha watu. Saa sita mchana anafunga kitabu hadi mwakani. Penye sifuri hashuki mtu.

Na kitanda cha saba alilala mama mwenye uchungu uliokuwa unaanza, mtoto wake amelala mkingamo tumboni. Wa kupasuliwa huyo, na chumba cha upasuaji hapa kina kufuli. Gari la wagonjwa lilikuwa tayari tangu saa tatu, la kumpeleka hospitali kubwa. Lakini dereva alikuwa na sheria yake.

"Bila muuguzi wa kumsindikiza siwashi gari," alikuwa amesema. "Tena awe wa kwenye orodha. Mwaka jana niliondoka na mfagiaji nikaandikiwa barua."

Muuguzi alikuwa mmoja. Akimsindikiza wa saba, wanabaki watano na kuta.

"Shemeji," alisema Sista Tulia, "nikikuletea fomu hizi zimejaa, utaandika nafasi wazi?"

"Ukileta saba nitaandika saba. Sina ugomvi na mtu. Mimi ni karani."

Akazoa fomu saba tupu mezani, akatoka mbio.

* * *

Kwenye simu yake kulikuwa na kundi la wauguzi wa wodi. Saba waliondoka kazini, lakini kwenye kundi hakuna aliyeondoka. Kila siku walitumiana salamu na picha za maua. Sista Tulia akawatumia sauti, mkono mmoja umeshika simu, mwingine uko juu ya tumbo la mama wa kitanda cha saba.

"Jamani dada zangu. Nawaomba mje sasa hivi, mnisaidie kuondoka. Mlipoondoka hamkuondoka. Njooni na kalamu."

Majibu yakamiminika.

"Tulia, umelala kweli wewe?"

"Mimi nilishawaaga! Nilimwambia Matroni pale pale kwenye ngazi."

"Hiyo fomu naijua. Nilikwama maktaba. Hospitali haina maktaba!"

"Nina wateja, bibi."

Akatuma sauti ya pili, fupi zaidi. "Nina kitanda cha saba, mkingamo, na niko peke yangu. Mkiendelea kuwepo, mimi sitapata mtu."

Kisha Sista Kucha, ambaye kucha zake ndefu ziliwahi kumletea barua tatu za onyo, akaandika neno moja: "Nakuja."

Saa nne na nusu walikuwa wamefika wote saba. Waliotoka kazini walikuja na sare za huko waliko, za waridi, za kijani, na Miwani akaja na futi yake ya ushonaji shingoni. Wakapanga foleni stoo. Mtunza stoo akatafuta daftari, akamdai mmoja beseni la mwaka wa mafuriko, wakabishana, akasaini. Famasi wakasaini. Dobi akasaini huku analia, alifikiri wanaondoka leo. Jikoni wakasaini. Mzee wa mochwari akawauliza kama kuna mtu wao wamemwacha pale, wakasema hapana, akasaini.

Maktaba wakakwama.

"Mkutubi ni nani?" Sista Kucha alimuuliza karani, mkono kiunoni. "Niambie leo, shemeji wa watu, au nikufinye kwa hizi kucha."

Karani akakohoa. "Ni mimi."

"Nani?"

"Nakaimu. Tangu mkutubi alipotoka kidogo, siku chache baada ya kumsainia shemeji."

"Miaka yote hii tunazunguka jengo zima kuitafuta maktaba, kumbe imekaa hapa inakula karanga?"

"Hakuna aliyeniuliza," alisema karani, na kweli hakuna aliyekuwa amemuuliza. Akachukua fomu ya Kucha, akasaini kama mkutubi. Saini ya sita.

Ya saba ni ya mkuu wa wodi, na kwa sasa anayeshika nafasi hiyo ni Sista Tulia mwenyewe.

"Aliyeondoka anaruhusiwa kusaini?" aliuliza Sista Tulia.

"Saini yako haijaondoka," alisema karani.

Wawili hao wakarudi wodini, wale sita wakabaki foleni kwa karani, na Kucha akaiweka fomu juu ya meza ya dawa. Sista Tulia akashika kalamu. Herufi chache tu, na wodi ingepata nafasi ya kwanza iliyo wazi kwa miaka mingi.

Ndipo mama wa kitanda cha saba akapiga ukelele. Chupa ya uzazi ilikuwa imepasuka, maji yamemwagika hadi sakafuni. Sista Tulia akaweka ile pembe ya kusikilizia mapigo ya mtoto, akasikiliza, akasikiliza tena. Mapigo yalikuwa yanapungua.

"Aondoke sasa hivi," alisema.

Dereva alikuwa mlangoni, funguo mkononi. "Nani anasindikiza? Awe wa kwenye orodha."

Wote wakamtazama Kucha. Kucha akaitazama fomu.

Yuko kwenye orodha, ndiyo. Bado. Fomu ikisainiwa tu, Kucha si mtu wa hapa na gari haliwaki. Isiposainiwa, Kucha yupo kazini na nafasi wazi hakuna.

"Saini, Tulia," Kucha alinong'ona. "Upate mtu wako. Tutabishana na dereva baadaye."

"Mimi sibishani," alisema dereva.

Sista Tulia akaiweka kalamu chini.

"Panda gari," alisema. "Shika hii dripu. Mlaze ubavu wa kushoto, mwinue kiuno, asisukume hata kama anakutukana."

"Kutukanwa nimezoea," alisema Kucha, na alikuwa ameshavua saa na kukunja mikono ya gauni. Wakamsukuma yule mama, mlango wa gari ukafungwa, king'ora kikaanza kulia.

Ukelele ule ulikuwa umewafikia wale sita wengine huko kwenye foleni ya maktaba. Mikono ya muuguzi haisubiri ruhusa. Waliingia wodini kwa pamoja, fomu wakazitupa dirishani, na kila mmoja akashika alichokikuta. Miwani akawa anapima presha kitanda cha tatu. Mwingine akabadilisha shuka. Mwingine alikuwa ameshavaa glovu anamkagua mama wa kitanda cha pili, anamwambia bado, mpenzi, bado saa moja hivi, pumua kwa mdomo. Wodi ilinukia dawa ya sakafu. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule wa mafuriko, wodi ya wazazi ilifanya kazi kama ilivyochorwa kwenye karatasi.

Na mlango ukafunguliwa, akaingia Afisa.

* * *

Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, amekumbatia kitabu cha mgao kama mtoto mchanga. Akasimama katikati ya wodi. Akahesabu kwa ncha ya kalamu.

"Sita. Saba na wewe. Wa nane yuko wapi?"

"Kasindikiza mgonjwa," alisema karani kwa haraka. Aliingia nyuma yake anahema.

"Nane kwa nane!" Afisa alifurahi hadi mashavu yakatikisika. "Kumbe kile kikombe hakikuwa cha bure."

"Mheshimiwa," Sista Tulia alimkabili, "hawa hawafanyi kazi hapa."

Afisa akamtazama Miwani akiandika presha. Akamtazama yule anayekunja shuka pembe kwa pembe.

"Hawafanyi kazi?"

"Wamekuja kuondoka."

"Mama, mimi nina macho."

"Yule ana duka. Huyu wa waridi ni wa kliniki ya binafsi, yule wa kijani ni wa hospitali ya watawa. Angalia sare!"

"Sare tutazishughulikia," alisema Afisa kwa upole. "Ninachojali ni moyo wa kazi. Na kwa moyo huu, nasikitika kuwaambia kuwa nina hospitali moja huko mbele ambayo haina hata mkunga mmoja. Mlio nane mnaweza kubaki saba. Nitachukua mtu hapa. Uhamisho wa leo leo."

Ukitaka kuwatia wauguzi mbio, tamka neno uhamisho. Miwani alikumbuka wateja. Wa waridi alikumbuka zamu. Wa kijani alikumbuka kwamba watawa hawapendi kuchelewa. Kabla Afisa hajafungua ukurasa, wodi ilikuwa imebaki na wagonjwa watano, Sista Tulia, karani, na futi ya ushonaji juu ya kitanda cha tatu.

Afisa akageuka huku na huku. "Wameenda wapi?"

Karani akalamba midomo. "Wametoka kidogo."

"Umeona sasa?" alisema Sista Tulia. "Mungu amekuonyesha kwa macho yako hayo hayo. Niandikie watu saba."

"Watarudi," alisema Afisa. "Wanarudi siku zote, orodha inasema hivyo. Karani, nani kati yao fomu yake ya kuondokea imekamilika? Bila fomu siwezi kumhamisha mtu."

Karani akarudisha kalamu mfukoni. Kwa mara ya kwanza tangu amuoe mdogo wake Sista Tulia, uso wake ulionyesha kwamba ndani kuna mtu.

"Karani?"

"Mmoja tu," alisema. "Shemeji yangu huyu."

"Basi ndiye. Mama, basi liko uwanjani. Nafunga kitabu saa sita."

* * *

Sista Tulia alimfuata Afisa hadi uwanjani anabishana naye kila hatua. Wodini alimwacha karani amesimama kati ya vitanda, amepewa amri mbili: usiguse kitu, na kitanda cha pili akibadilika unipigie kelele.

Basi lilikuwa linaunguruma. Madirishani walijazana wauguzi wapya, sura za shule, masanduku mapajani.

"Wodi ile haina mtu," alisema Sista Tulia. "Hata mmoja."

"Ina saba."

"Nenda ukawahesabu!"

"Nimeshawahesabu. Panda, mama. Ukikataa uhamisho mbele yangu, sheria ni moja. Kazi huna."

Akaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya basi. Alikuwa na miaka kumi na tisa kazini. Alikuwa na watoto watatu na mume asiye na kibarua cha uhakika. Msimhukumu kwa mguu ule.

Dirisha la wodi likafunguka kwa kishindo. Karani akatokeza hadi kiunoni, kalamu zikamwagika chini kama mvua.

"Shemeji! Kitanda cha pili! Kichwa! Naona nywele!"

"Mwambie apumue!"

"Ananiambia mimi nipumue!"

Kwenye basi wengine walicheka. Sista Tulia hakucheka. Alimgeukia Afisa, na sauti yake ilikuwa ile ile anayowaambia nayo akina mama watulie.

"Ukinifukuza sasa hivi, nafasi yangu inakuwaje?"

"Inakuwa wazi, ndiyo sheria."

"Inaandikwa lini?"

"Papo hapo. Nikishuhudia mwenyewe haihitaji fomu."

"Na nafasi ikiwa wazi, hospitali inapata mtu?"

Afisa akatazama saa yake. Sita kasoro dakika nne. Akaelewa, na kuelewa huko hakukumpendeza.

"Mama, fikiri vizuri. Miaka kumi na tisa."

"Nimekataa uhamisho. Andika."

"Una watoto."

"Na yule anayezaliwa mle ni wa nani? Andika, baba. Kalamu ikikosa wino shemeji yangu amezimwaga nne pale chini."

Afisa akaandika. Mkono wake ulikuwa mzito, lakini aliandika: Wodi ya wazazi. Nafasi wazi: moja. Kisha akapanda ngazi na kuita jina la kwanza kwenye orodha yake.

Akashuka binti mrefu, sanduku mkononi, sare bado ina mikunjo ya dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Sanduku liache hapo hapo. Kimbia!"

Wakakimbia wote wawili, mzee mbele kijana nyuma. Nyuma yao sauti laini ya Afisa ikapanda kwa mara ya kwanza siku ile:

"Mlinzi! Huyo mama si mfanyakazi tena! Asiguse mgonjwa, ataniletea kesi!"

Mlinzi wa mlango wa wodi alikuwa mtu ambaye Sista Tulia alimzalishia watoto wote wanne. Akampisha binti. Kisha akaunyoosha mkono wake mlangoni, macho ameyainamisha chini.

"Nisamehe, dada yangu. Nimeamriwa."

"Nipishe, baba Pacha."

"Wasio wafanyakazi wanaruhusiwa saa kumi jioni. Kuona wagonjwa tu."

Binti akageuka akiwa ameshaingia ndani, glovu moja imevaliwa, nyingine inamshinda.

"Mama," alisema, "sijawahi kuzalisha peke yangu."

Na nyuma yake, toka kitanda cha pili, ikaja sauti ya karani, sauti ambayo mke wake mwenyewe asingeitambua:

"Amezaliwa! Nimemdaka! Shemeji... mbona halii? Shemeji, mbona mtoto halii?"